Jibini ya Ufipa Iko Wapi?

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za maendeleo za sharika na wageni kutoka sharika rafiki, Sumbawanga



Tumepewa nafasi ya kutoa taarifa ya safari ya siku tatu tuliyoifanya pamoja na wageni, kuanzia Ijumaa mchana hadi Jumapili jioni, mwishoni mwa masika. Hesabu ya mafuta ya gari tumekwisha kuikabidhi kwa mhasibu, kwa hiyo hatutaisoma hapa. Tunaomba tuzungumzie jambo moja tu, nalo ni swali ambalo wageni wetu walituuliza na ambalo linagusa fedha, mifugo na watoto wetu.

Swali lenyewe

Wageni wetu wanatoka kusini mwa Ujerumani, sehemu ya milima, majani na ng'ombe wa maziwa. Kwao ni kawaida familia kuingia kwenye gari Jumamosi asubuhi na kuzunguka vijijini, wakisimama hapa kuonja jibini na pale kununua mkate, hata jioni wakarudi nyumbani na kikapu kimejaa. Kila bonde lina jibini yake na kila mtu anaisifu ya kwao. Basi walipopanda kutoka Tunduma, wakaona nyasi za uwanda wetu, ng'ombe na ubaridi wa jioni, waliuliza wangali garini: jibini ya Ufipa iko wapi?

Lingekuwa swali la mlo tu, tungelijibu mezani. Lakini wengi wenu mnafahamu kwamba sharika zetu mbili zimekwisha kuandika maombi ya mradi wa kiwanda kidogo cha jibini, na wageni hawa wako tayari kuyapeleka kwa watu wao. Wenzetu wa sharika hizo wamo humu ukumbini leo. Kabla fedha ya mtu haijaombwa na kabla ahadi haijatolewa, tuliona ni vema twende barabarani, tuone maziwa yako wapi, nani anayanywa, na watu wa hapa wanakula nini.

Kwa nini swali ni zuri

Uwanda wa Ufipa umekaa kati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Mbizi inapita mita 2,000. Sehemu nyingine za ukanda wetu zinazotengeneza jibini zinafanana na hapa. Njombe kuna kiwanda cha maziwa kilichoanzishwa kwa msaada wa shirika la Kiitaliano la CEFA, na kinatengeneza jibini za namna ya Kiitaliano. Kule Usambara, nje kidogo ya mji wa Lushoto, shamba la Irente la wenzetu wa Dayosisi ya Kaskazini Mashariki linajulikana kwa wasafiri kwa mkate, jamu na jibini. Mashariki mwa Kongo, katika milima ya Masisi, wafugaji hutengeneza jibini za duara kwa ujuzi uliotoka Ubelgiji, nazo huteremshwa kuuzwa Goma.

Ukitazama mifano hiyo, utaona kwamba jibini ni njia ya kuyahifadhi maziwa. Inafaa mahali ambapo maziwa ni mengi kuliko walaji, na soko liko mbali. Maziwa mabichi ya Masisi hayawezi kuvumilia barabara ya kwenda Goma, lakini jibini inavumilia. Kwa hiyo swali la wageni lilitupa maswali mengine mawili: je, sisi tuna maziwa yanayobaki? Na wenyewe tumeshashiba?

Ijumaa: soko la Sumbawanga

Tulianzia sokoni mjini. Wageni walishangaa kuona jinsi vyakula vyetu vingi ni vya kukaa. Ulezi ukiwekwa vizuri ghalani unakaa miaka kadhaa bila kubunguliwa, na ndiyo maana wazee waliutegemea mwaka wa njaa. Maharage yanakaa. Mahindi yanakaa, ingawa yanataka dawa au mifuko mizuri. Migebuka na dagaa kutoka Tanganyika wamekaushwa. Mchele umepanda kutoka Bonde la Rukwa, mafuta ya alizeti yamekamuliwa huku huku. Tuliwaambia wageni kwamba mkoa huu umo katika mikoa inayolisha nchi kwa mahindi, na kwamba Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, yaani NFRA, ina kanda yake hapa Sumbawanga.

Maziwa tuliyakuta pembeni, katika chupa za maji zilizokwisha kutumika. Mama aliyekuwa anauza alitaka sana yaishe kabla ya saa sita mchana. Mtindi ulikuwepo kidogo. Jibini hatukuiona. Katika soko zima lililojaa vitu vya kuhifadhi, maziwa peke yake ndiyo yaliyokuwa yanakimbizana na jua.

Jumamosi: Matai hadi Kasanga

Asubuhi tulishika barabara ya Matai. Njiani tulisimama shambani kuwaonyesha wageni ntumba, yale matuta ya mviringo ya Kifipa. Mkulima hukata nyasi na kuzifunika kwa udongo masika yanapoelekea mwisho, akapanda maharage juu yake. Nyasi zinaoza humo ndani zinakuwa mbolea. Msimu unaofuata tuta linasambazwa na ulezi unasiwa. Mmoja wa wageni, ambaye ni mtaalamu wa kilimo, alipiga magoti akachimbua tuta kwa mkono na kunusa udongo. Alisema kwao watu wanalipa fedha nyingi kufundishwa kilimo cha namna hiyo.

Karibu na Matai tulipokewa na kikundi cha akina mama. Walitupikia ugali wa ulezi, maharage na majani ya maboga, na pembeni mtindi kwenye kibuyu. Tunataka kuusemea huo ugali, kwa sababu vijana wetu wameanza kuuona kuwa ni chakula cha wazee. Ulezi una madini ya chokaa mengi kuliko nafaka nyingine tunazolima, tena una madini ya chuma. Unapowekwa pamoja na maharage na mboga za majani, mlo huo unaweza kukaa kwenye meza yoyote bila aibu. Wageni waliomba kuongezewa, na hawakufanya hivyo kwa adabu tu.

Baada ya chakula mgeni mmoja mama, ambaye hutengeneza jibini nyumbani kwake, aliomba apewe maziwa na malimau. Akina mama walileta lita tano. Aliyapasha moto mpaka yakakaribia kuchemka, akatia maji ya limau polepole huku anakoroga, na maziwa yakagawanyika mbele ya macho yetu. Aliyachuja kwa kitambaa safi kilichochemshwa, akatia chumvi, akalikandamiza donge kwa sahani na jiwe. Baada ya saa moja tukaonja jibini laini, nyeupe, isiyofika kilo moja. Watoto waliipenda. Bibi mmoja alisema ni mtindi uliosahau maji yake, tukacheka wote.

Maji yaliyobaki, ya rangi ya kijani kidogo, mgeni alikuwa anatafuta nguruwe wa kumpa. Mwenyekiti wa kikundi alimzuia, akayatumia kupikia uji wa ulezi kwa ajili ya watoto. Kisha akauliza swali ambalo limetufuata mpaka humu ukumbini: "Hizi lita tano zingewatosha watoto wangapi?" Tulipiga hesabu pale pale. Lita tano ni vikombe ishirini.

Mchana tuliteremka hadi Kasanga. Kutoka uwandani mpaka ziwani unashuka kiasi cha mita elfu moja, na unavua sweta njiani. Wageni walikula mgebuka wa kuchoma na waliona dagaa wameanikwa. Wavuvi walitueleza jinsi ziwa lilivyofungwa kwa miezi mitatu mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Jambo la kuzingatia ni kwamba dagaa hao, ambao wana protini na madini yanayohitajika sana kwa mtoto, hupita kwa gunia mbele ya nyumba zetu za uwandani wakielekea miji ya mbali. Katika nyumba nyingi dagaa huonekana kwenye chungu siku chache tu kwa mwezi.

Jumapili: Ntendo hadi Muze

Baada ya ibada tulielekea Ntendo, tukapita pembeni mwa msitu wa Mbizi, tukateremka ukingo wa bonde hadi Muze. Mvua ilikuwa imenyesha na dereva aliendesha kimya kimya, nasi tukanyamaza pamoja naye. Chini kuna joto, mpunga na mifugo mingi. Wafugaji wa Kisukuma walianza kuhamia bonde hili na makundi yao tangu miaka ya 1970, na leo ni majirani, washarika na wajumbe wenzetu.

Huko ndiko tulikokuta maziwa. Mama wa boma moja alitueleza kwamba masika maziwa yanabaki, wanakunywa, wanagandisha, wanatengeneza samli, na bado mengine anapewa mbwa, kwa sababu mnunuzi hayupo na mji uko juu ya mlima. Lakini kiangazi kikikolea, majani yanakauka, ng'ombe wanapelekwa mbali, na hata chai ya watoto inakosa maziwa.

Basi tuliona wazi hali yetu ilivyo. Ubaridi unaofaa kuivisha jibini uko juu uwandani, na maziwa yanayobaki yako chini bondeni, tena kwa miezi michache ya mwaka. Yeyote anayeandika maombi ya mradi lazima aanze na jambo hilo.

Hesabu ya jibini

Wataalamu wanakubaliana kwamba kilo moja ya jibini ngumu hutumia takriban lita kumi za maziwa. Ng'ombe wetu wa kienyeji, baada ya ndama kunyonya, mara nyingi hukamuliwa lita moja au mbili kwa siku. Tukichukua lita mbili, kilo moja ya jibini ni kazi ya ng'ombe watano kwa siku nzima. Kiwanda kidogo cha kilo kumi kwa siku kinataka ng'ombe hamsini wanaokamuliwa kila siku, Julai na Oktoba pia, si Machi peke yake. Kinataka pia kimeng'enya cha kugandishia, ambacho asili yake ni tumbo la ndama, na chumba cha ubaridi usiobadilika. Tena kinamtaka mnunuzi. Kilo ya jibini itakuwa na bei ambayo familia nyingi za washarika wetu haziwezi kuilipa. Italiwa hotelini Mbeya au Dar es Salaam.

Hatusemi kuuza ni vibaya. Mkulima anauza mahindi, na anasomesha watoto kwa fedha hiyo. Lakini mahindi yanatufundisha jambo, na hapa tunaomba mtusikilize kwa makini.

Ghala limejaa, mtoto amedumaa

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba Rukwa, mkoa unaojaza maghala, ndio uliokuwa na kiwango cha juu kuliko mikoa yote cha watoto wenye udumavu chini ya miaka mitano: kiasi cha asilimia 56. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha tumeshuka hadi asilimia 50 hivi. Tunamshukuru Mungu kwa hatua hiyo, lakini maana yake ni kwamba bado nusu ya watoto wetu hawafikii kimo kinacholingana na umri wao, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30.

Sasa tazameni Njombe, ambako kuna mahindi, viazi, maziwa na kiwanda cha jibini. Utafiti huo huo wa 2022 uliikuta Njombe nayo kwenye asilimia 50 hivi, na jirani yake Iringa kwenye asilimia 57. Kiwanda hakikuleta udumavu huo. Mradi wa maziwa wa Njombe uliwahi hata kugawa maziwa kwa watoto wa shule za msingi, na hilo ni jambo jema. Lakini udumavu huanza mapema kuliko shule. Huanza tumboni mwa mama na katika siku 1,000 za kwanza, wakati mama yuko shamba la mbali tangu alfajiri, na mtoto ameachiwa uji mweupe wa mahindi anaolishwa mara mbili kwa siku. Kiwanda kinaweza kufanya kazi vizuri, vitabu vyake vikawa safi, na mtoto wa jirani na kiwanda asipate kikombe cha maziwa.

Wengi mnakumbuka habari ya Yese alipomtuma Daudi kambini. Ndugu zake walipelekewa bisi na mikate. Jibini kumi zilikuwa za mkuu wa kikosi. Tangu zamani jibini ina tabia ya kupanda kwenda kwa wakubwa. Kazi ya kamati zetu ni kuhakikisha kwamba inapopanda, kuna kitu kilichobaki nyumbani kwa wadogo.

Tunachopendekeza

Ofisi ya miradi haikatai maombi ya sharika zile mbili. Tunayarudisha kwa upendo ili yaandikwe upya, na tunapendekeza mambo manne yazingatiwe na kila usharika wenye wazo la mradi wa maziwa.

Kwanza, fomu ianze na watoto. Kamati ihesabu nyumba za wanachama zina watoto wangapi chini ya miaka mitano, na ieleze kila mtoto aliyevuka miezi sita atapataje maziwa yaliyochemshwa au mtindi kabla lita ya kwanza haijauzwa. Kama hesabu hiyo haipo, ofisi haitaipeleka fomu kwa mfadhili.

Pili, tuanze na mtindi kabla ya jibini. Mtindi watu wetu wanaujua na wanaununua. Unahitaji kuchemsha, vyombo safi vya chuma, kipimajoto na mafunzo ya siku chache. Kuchemsha ni lazima, kwa sababu maziwa mabichi yanaweza kuleta kifua kikuu na ugonjwa wa kutupa mimba, ambao hauishii kwa ng'ombe. Jibini ya limau, kama ile ya Matai, ijaribiwe masika pale Muze ambako maziwa yanamwagika, kwa kiasi kidogo, na maji yake yaingie kwenye uji.

Tatu, fedha ya maziwa ikae mikononi mwa akina mama. Kule Nronga, wilayani Hai, akina mama walianzisha chama chao cha ushirika wa maziwa mwaka 1988. Wanakusanya maziwa na kuyauza, na wao wenyewe ndio wanachama na viongozi. Tunaomba sharika zenye nia zituteulie akina mama wawili wawili wa kwenda kujifunza huko.

Nne, kila usharika ufanye siku moja ya chakula cha kwetu kabla ya mavuno: ugali na uji wa ulezi, maharage, mboga za majani, unga wa dagaa, mtindi. Akina mama waonyeshe jinsi ya kupika uji wa mtoto wenye dagaa au karanga. Akina baba wahudhurie wote, maana wao ndio wanaoamua gunia gani liuzwe na lipi libaki. Tena wao ndio wanaoamua ulezi kiasi gani uende kwenye pombe.

Kwa wageni wetu

Wapendwa, mlitaka kupeleka nyumbani habari ya jibini ya Ufipa. Mpelekeeni salaam kila aliyechangia, na mwambieni kwamba bado haipo. Waambieni mlichokula: ulezi uliokaa ghalani miaka miwili, maharage ya kwenye ntumba, mgebuka wa Kasanga, mchele wa Muze, na uji uliopikwa kwa maji ya jibini ya kwanza ya Matai. Sufuria kubwa la kiwanda linapendeza kwenye picha ya gazeti la usharika, nasi tunajua makopo ya maziwa na vipimajoto havipendezi hivyo. Hata hivyo hivyo ndivyo tunavyoviomba kwa mwaka huu, pamoja na nauli ya akina mama kwenda Nronga. Baada ya misimu miwili ya masika tutawaandikia tukiwaambia lita ngapi zimenywewa, lita ngapi zimeuzwa, na watoto wangapi wamepimwa kimo kliniki. Taarifa hiyo ikionyesha kwamba maziwa yanabaki wakati watoto wameshiba, tutakuwa wa kwanza kuwaomba mtufundishe jibini ngumu.

Maombi yaliyoandikwa upya yafike ofisini kabla ya mwisho wa robo mwaka ijayo, yakiwa na sahihi ya mwenyekiti wa kamati na ya mwakilishi wa akina mama. Fomu mpya ziko mezani pale mlangoni.